Mchicha wa Nyuma ya Karakana

Mtaa mzima ulimwita Mama Mchicha, na jina hilo lilimkaa vizuri. Mchicha wake, nyuma ya karakana ya mumewe fundi betri, ulikuwa na majani mapana kama viganja. Wadudu hawakuugusa.

"Siri ni majivu," alijigamba. Mumewe alipomaliza kuyeyusha betri kuukuu, yeye alizoa majivu ya jiko alilotumia na kuyanyunyiza matutani.

Siku moja bibi shamba alipita kutembelea wakulima. Mama Mchicha akamkatia fungu, lakini mgeni hakulipokea. Alikuwa anayatazama majivu.

"Haya yametoka jiko la chakula?"

"La mume wangu, la betri."

"Dada, ndani ya betri mna madini ya risasi. Ni sumu. Niruhusu nikaupime udongo huu."

Mama Mchicha alinuna. Mchicha wake, sumu? Lakini majibu yaliporudi, risasi ilikuwa imezidi mno.

"Basi mchicha nitauosha," alisema. "Nitauchemsha hasa."

"Kuosha kunaondoa vumbi tu. Risasi iliyoingia ndani ya jani haitoki kwa maji wala moto. Nayo inadhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni."

Mama Mchicha akamgeukia binti yake mjamzito. Kila mchana alimpakulia mchicha yeye kwanza. Aliingiwa na hofu kuu. Siku ileile alimpeleka kliniki akapimwe damu. Risasi ilikuwa imeanza kuingia, ila walikuwa wamewahi.

Akaung'oa mchicha wote mwenyewe.

"Wateja wako watasemaje?" fundi aliuliza.

"Watasema ukweli, maana nitawaambia mimi."

Fundi naye hakubaki nyuma. Aliacha kuyeyusha betri nyumbani, akawa anazipeleka kwa wanunuzi wenye kibali. Akaufunika udongo ule kwa zege. Nguo zake za kazi hazikuingia tena ndani. Mama Mchicha akapanda upya kwenye magunia ya udongo uliopimwa, mbali na karakana.

Mjukuu alizaliwa mzima, mwenye sauti ya kuamsha majirani. Bibi shamba alipokuja kumwona, alipita kwanza kwenye magunia. Majani yalikuwa madogo kuliko ya zamani, tena yenye matundu.

"Wadudu wanakusumbua," alisema.

"Waache wale kidogo," Mama Mchicha alijibu, kifua mbele. "Siku hizi mchicha wangu unalika."

Bibi shamba akacheka, akanyoosha kikapu chake.

"Basi leo nikatie fungu."