Ukuta wa Nyumba ya Kona

Jumamosi asubuhi Nukta alikuwa akipiga pasi sketi yake ya shule aliposikia ukuta ukigongwa. Si mlango, ukuta. Ngo, ngo, ngo. Ulikuwa ukuta wa upande wa nyumba ya kona, na nyumba hiyo ilikuwa tupu tangu mwenyewe, mwalimu mstaafu, alipohamia kwa mwanawe.

"Mama! Nyumba tupu inabisha hodi!"

"Basi iambie karibu," mama alijibu kutoka uani, alikokuwa akianika nguo. "Na uangalie pasi, usiunguze sketi."

Muda mfupi baadaye mlango nao ukagongwa. Alikuwa mwanamume mrefu asiyemjua, ameshika nyundo ndogo, tochi inaning'inia shingoni, vumbi la chokaa limemjaa hadi kwenye kope.

"Shikamoo," Nukta alisema.

"Marahaba, binti. Mimi ni mkaguzi wa nyumba. Kuna watu wanataka kuinunua hiyo ya jirani, nami nimetumwa niikague. Nyumba zenu zimeungana, ukuta ni mmoja. Naomba niutazame na upande wa huku."

Mama akaja akifuta mikono, akamkaribisha. Nukta alirudi kwenye pasi, lakini moyo ulikuwa umeshaanza kumchoma kuliko pasi yenyewe. Aliwajua wanunuzi hao vizuri sana.

Mtaa wao ulikuwa safu moja ya nyumba ishirini zilizobanana bega kwa bega. Nyumba za katikati zilikuwa na madirisha ya mbele na ya nyuma tu. Nyumba ya kona peke yake ndiyo iliyokuwa na dirisha la pembeni, katika chumba cha juu, na jua la asubuhi liliingia humo kama mwenye nyumba. Tangu akiwa na miaka sita, Nukta alilala kila siku akikipanga chumba hicho kichwani: kitanda hapa, meza pale, na dirishani mmea wake.

Mmea wenyewe ulikuwa wa asumini, kwenye kopo la rangi. Aliupanda pamoja na Chiriku, binti wa mama yake mdogo, nao wakaahidiana: atakayepata dirisha la jua la asubuhi kwanza, mmea ni wake. Nukta alikubali upesi. Hakuwa na shaka ni nani angelipata.

Kumbe wiki iliyopita mama mdogo aliingia akicheka na kulia kwa pamoja. "Dada, tumepata nyumba! Ya kona! Tutakuwa majirani!"

Chiriku, aliyeitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake haukupumzika, alimrukia Nukta. "Chumba cha juu changu! Kila asubuhi nitakugongea ukuta mara mbili, maana yake umeamkaje. Nawe ujibu mara mbili. Sawa?"

"Sawa," Nukta alisema, kama mtu aliyemeza kokwa. Tangu siku hiyo kila kitu cha Chiriku kilimuudhi: kicheko chake, viatu vyake, hata namna alivyotafuna.

Sasa mkaguzi alikuwa amesimama chini ya ngazi, karibu na pipa la maji. Ukutani palikuwa na doa kubwa kama sinia.

"Hili doa limetoka wapi?"

Mama alikuwa amekimbilia jikoni, sufuria inafurika. Nukta alikuwa peke yake na mgeni, na alijua jibu. Mwezi uliopita yeye mwenyewe aliacha bomba wazi, akaenda kuruka kamba na wenzake. Pipa likajaa, maji yakaloanisha ukuta.

"Maji yanatoka upande wa pili," alisema. "Kila mvua ikinyesha."

"Kila mvua?"

"Kila mvua. Hata rangi inabanduka."

Mkaguzi akaandika.

Jumanne Chiriku alikuja, akaketi kizingitini, asiseme neno. Chiriku akinyamaza, ujue kuna jambo.

"Hatununui tena," alisema mwishowe. "Baba anasema nyumba yenye maji ukutani haishi matengenezo. Mwalimu anaapa haijawahi kuvuja, lakini nani atamwamini? Ijumaa anampa mnunuzi mwingine." Akafuta pua kwa mkono. "Mama ameyakunja mapazia aliyoyashona. Ameyasukuma chini ya kitanda. Lilikuwapo na dogo, la dirisha la pembeni."

Nukta alisubiri furaha. Haikuja. Kilichokuja ni picha ya mzee aliyekuwa akimwazima vitabu, sasa anaitwa mwongo mbele ya watu kwa sababu yake.

Jioni, mama akimenya viazi, Nukta alimweleza yote. Mama aliweka kisu chini.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Yako haikufika hata kwenye kona."

Nukta akaangua kilio. "Sisi tumekaa hapa kabla yao, mama! Sisi ndio tulioipenda!"

Mama akasema kwa sauti ya chini, "Unakumbuka mdogo wangu alipotuletea habari? Nilimkumbatia, nikampongeza. Halafu nikaingia bafuni, nikafungua bomba ili asinisikie nikilia."

Nukta akainua uso. "Wewe, mama?"

"Mimi. Moyo una mambo. Lakini sikumwaga maji yangu kwenye ukuta wake. Kesho baada ya shule tunakwenda kwa mkaguzi."

"Si ungemwambia wewe tu?"

"Mdomo uliofunga fundo ndio utakaolifungua."

Mkaguzi aliwasikiliza hadi mwisho, kalamu sikioni. "Miaka ishirini nakagua nyumba," alisema, "na aliyenidanganya vizuri kuliko wote amevaa sare ya darasa la sita." Kisha akaacha kutania. "Nami nina kosa. Nilipaswa kuupima ukuta pande zote mbili, si kuamini maneno."

Alichukua kifaa cha kupimia unyevu, wakaenda pamoja. Upande wa nyumba ya kona ukuta ulikuwa mkavu kama biskuti. Jioni ile ile ripoti mpya ikaandikwa, na Nukta akaenda kumwomba radhi mwalimu, kisha mama yake mdogo.

"Hukutaka tuje?" mama mdogo aliuliza.

"Nilitaka iwe yetu."

"Ungeniambia hivyo, mwanangu, ningekukumbatia." Lakini siku ile hakumkumbatia. Na Chiriku, ambaye hajawahi kunyamaza saa nzima, hakumsemesha kwa wiki mbili.

Katika wiki hizo mama alimpa Nukta msasa na brashi. Alikwangua doa mpaka mabega yakamuuma.

"Mbona nisipake rangi juu yake tu?" alilalamika.

"Itabanduka," mama alisema. "Unyevu ukifunikwa huoza ndani kwa ndani. Na wivu ni vivyo hivyo, Nukta. Utatuingia sote, mimi na wewe, na si dhambi kuuona. Dhambi ni kuuficha mpaka uharibu nyumba ya mwenzio. Utoe nje mapema, ukauke."

Siku ya akina Chiriku kuhamia ilifika. Asumini, ambayo kwa miaka miwili haikutoa kitu ila majani, asubuhi hiyo ilikuwa na tumba moja jeupe. Nukta aliliangalia kwa muda mrefu. Chiriku alikuwa ameshaisahau ahadi ile. Hakuna ambaye angemdai. Hata hivyo alilibeba kopo kwa mikono miwili, akapanda ngazi za nyumba ya kona.

Chiriku alikuwa amesimama katikati ya maboksi, na pazia dogo lilikuwa tayari limetundikwa.

"Tuliahidiana," Nukta alisema, akaliweka kopo dirishani.

Chiriku akakodoa macho. "Lakini ina tumba! Si ungesubiri lichanue kwanza?"

"Ahadi haikusema hivyo."

Alishuka haraka, machozi yake yasionekane.

Asubuhi iliyofuata, kabla hajavaa viatu, ukuta ukagongwa: ngo, ngo. Nukta akasimama, akajibu: ngo, ngo. Kisha ukuta ukagongwa tena, mfululizo, mara nyingi zisizohesabika, kama unavyogongwa na mtu aliyeshindwa kungoja kusema jambo.

Nukta aliegemeza kiganja ukutani, akatabasamu. Ua lilikuwa limechanua.