Nyuzi Mbili za Damu

"Damu ya kisigino itajua nini?" alisema Redio, jirani msusi, mkono kiunoni. "Mtoto mnene kama mto wa kulalia, eti mgonjwa. Usiende, shoga."

Fundi alisimamisha cherehani. Kichanga chake cha wiki sita kilikuwa kimelala kwenye kapu la vitambaa.

"Kliniki walimtoboa kisigino kumpima alipozaliwa, na sasa wamepiga simu mara mbili. Ila hata mimi sielewi. Mimi mzima, baba yake mzima. Kitambaa kizima kitatoaje nguo mbovu?"

"Si ndiyo hapo. Wamechanganya kadi."

"Hodi," ilisikika sauti mlangoni. Alikuwa muuguzi mwenyewe. "Mama, nimekufuata. Dawa haingoji mabishano."

Redio akadakia, "Hebu yaone mashavu hayo. Huyo mgonjwa?"

"Mashavu si ushahidi, dada," muuguzi alicheka. "Selimundu ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Miezi ya mwanzo mtoto hukingwa na damu aliyotoka nayo tumboni. Ndiyo maana tunapima mapema, kabla ugonjwa haujaamka."

"Na sisi wazazi?" aliuliza Fundi.

"Wewe mtu wa nyuzi, utanielewa. Kila mmoja wenu ana nyuzi mbili: mmoja mzima, mmoja una kasoro. Ule mzima unawabeba, wala hamjui. Mtoto akirithi wenye kasoro kwa baba na kwa mama pia, anaugua. Si uchawi, wala si kosa la mtu."

Fundi alimwinua mwanawe, akatoka. Redio alifuata nyuma, akinung'unika njia nzima.

Walipima tena. Majibu yakawa yale yale. Mtoto akaanzishiwa penisilini ya kila siku ya kumkinga na vijidudu, na kupangiwa chanjo zote. Muuguzi alisisitiza jambo moja: homa ikija, hospitali saa hiyo hiyo.

Mtoto alipotimiza miezi tisa, homa ikaja. Fundi aliacha gauni la bibi harusi na sindano ndani yake. Redio alitangulia mbele, akipasua watu njiani kama king'ora.

"Mmewahi," daktari alisema. "Mngelala nayo, tungekuwa tunasema mengine."

Siku ya nne walirudi nyumbani, mtoto anavuta futikamba na kucheka. Kabla hata Fundi hajaanza kula, Redio huyo mlangoni, kamshika mkono mteja wake mjamzito, nywele zimesukwa nusu.

"Mwambie wewe, Fundi. Nimemwambia akijifungua tu, mtoto apimwe. Ananibishia, eti mimi nina maneno mengi."

"Hayo kweli unayo," Fundi alisema, akisogeza vitambaa mkekani. "Ingieni, nimeshapakua. Tule kwanza, kisha tumwambie sote wawili."