Volti Kumi na Mbili

Maiti ya Evod, fundi redio wa kitongoji kimoja nje kidogo ya Sanje, ilikutwa Jumanne, Mei 14, 1996, saa moja na robo asubuhi. Alikuwa chali kwenye sakafu ya kibanda chake cha kazi, waya mbili za betri ya gari zikiwa ndani ya kiganja cha kulia. Aliyemkuta ni Apolinari, balozi wa nyumba kumi na mwenye mashine ya kukoboa mpunga.

Sajini Wilhelmina wa upelelezi alifika kutoka Ifakara saa nne kasoro robo, akakuta watu wameshahukumu. Jofrey, mdogo wa marehemu, alikuwa amekaa chini, mikono imefungwa kamba na mgambo, mdomo umevimba.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba, afande. Kazi yako nyepesi. Betri imempiga shoti. Na betri kaileta huyu, jana jioni, siku moja tu baada ya kumtishia kaka yake."

Wilhelmina alichuchumaa mbele ya Jofrey. "Ulimtishia?"

"Tuligombana. Niliunguza redio ya mteja, akanifukuza mbele za watu. Nikamwambia atanikumbuka." Aliinua mikono iliyofungwa. "Lakini betri alinituma mwenyewe nikaichajishe, afande."

Sajini aliingia kibandani. Kiganja cha marehemu kilikuwa na mstari wa kuungua. Hapo sawa. Lakini kwenye muundi wa mguu wa kulia kulikuwa na mstari mwingine, mwembamba na mweusi. Miguu ilikuwa peku, tope limeikaukia hadi juu ya vifundo, ilhali sakafu ya saruji haikuwa na unyayo hata mmoja. Aliandika yote, akasoma alichoandika, hayakuungana. Betri imempigaje mtu kwenye muundi? Na mtu huyu ametoka topeni akaingia humu kwa miguu ya nani?

Alimwendea mjane, Aneth, uani.

"Aliondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuangalia migono yake ya kutegea samaki mtoni," Aneth alisema. "Sikumwona tena."

"Alikuwa na ugomvi na mwingine, zaidi ya Jofrey?"

"Wiki iliyopita alirudi amekasirika. Alisema kuna mtu anataka amfungie kitu kitakachokuja kuua binadamu. Nikamuuliza nani, akasema bora nisijue."

Hilo nalo lilimchanganya zaidi. Kama Jofrey ndiye muuaji, kitu hicho ni kipi? Kama siye, betri inafanya nini mkononi mwa maiti?

Alirudi kibandani akachukua mita ya marehemu ya kupimia umeme. Fizikia aliisoma hadi kidato cha nne, akaiacha bila majuto. Alipima betri: volti kumi na mbili. Akaloweka mikono kwenye beseni la maji, akageuza mita kwenye ukinzani, akashika ncha zake mbili. Mshale ulitulia kwenye omu elfu mbili. Aliandika pembeni mwa ukurasa: volti kumi na mbili gawanya kwa omu elfu mbili, ampea 0.006. Akazidisha na volti apate nguvu: wati 0.072. Joto hilo haliunguzi hata unywele.

Akabadilisha namba moja tu. Volti mia mbili na arobaini gawanya kwa elfu mbili, ampea 0.12. Hiyo inasimamisha moyo. Zidisha na volti: karibu wati ishirini na tisa, zote ndani ya mwili wa mtu. Hiyo inaunguza.

"Hapa nani ana umeme wa volti mia mbili na arobaini?" alimuuliza mgambo.

"Hakuna nguzo huku, afande. Labda jenereta ya balozi, ile ya taa za mashineni."

"Mbovu tangu Jumapili," Apolinari alisema haraka.

Wilhelmina alifuata njia ya mtoni. Pembeni mwa shamba moja la mpunga vilisimama vijiti, kila kimoja kimefungwa kipande cha mpira wa baiskeli usawa wa muundi. Waya haukuwepo. Tope lilikuwa limevurugwa, na alama ya gurudumu la mkokoteni ilitoka hapo hadi kwenye njia ya kibandani.

"Shamba la nani?"

"La balozi," mgambo alijibu. "Nguruwe pori wanalimaliza."

Saa saba na nusu aliwakusanya watu wote mashineni. Alilowesha mikono, akashika vichwa viwili vya betri ileile, akahesabu hadi ishirini.

"Nahisi kama sisimizi," alisema. "Betri hii haiwezi kumuua mtu hivi." Kisha akavuta kamba ya jenereta. Ilinguruma mara ya kwanza. Mgambo alichokoa lundo la pumba nyuma ya jenereta, akatoa mviringo wa waya.

"Balozi, mpira wa baiskeli huzuia umeme, hauzuii nguruwe. Ulimwomba Evod akufungie waya huu, akakataa. Alfajiri ukamnasa muundini, akaushika kwa kiganja ajinasue."

Apolinari alikaa juu ya gunia. "Nimelima ekari nne. Mwaka jana nilivuna magunia mawili. Nilifunga mwenyewe. Nilitaka kuzima kabla watu hawajaamka."

"Na Jofrey?"

"Niliogopa. Mkokoteni ulikuwepo, betri ilikuwepo, na ugomvi wao kila mtu aliusikia."

Aneth alisogea mbele. "Alilia?"

Apolinari hakuinua kichwa. "Nilisikia sauti. Nikasema nguruwe amenasa. Nikaiacha jenereta iendelee."

Wilhelmina alimtia pingu, kisha akaikata kamba ya Jofrey kwa kisu cha mgambo. Kijana alibaki amesimama, hajui aelekee wapi, macho ya waliompiga yakitazama chini.

Aneth alimshika mkono.

"Shemeji," alisema, "twende tukamwoshe kaka yako tope."