Bua la Susa Lililorefuka

Kila jioni kwetu Kisian kazi yangu ni kumenya susa, yale majani ya maboga. Unavunja bua, unavuta ngozi yenye nyuzi mpaka iishe, kisha mboga inaenda sufuriani. Siku moja niliona kila ngozi ninayoivuta inajikunja kwa nje. Kwa nini? Nikaleta rula. Bua zima lilikuwa milimita mia moja. Nilipolimenya, ngozi ikawa tisini na saba. Sehemu ya ndani nikaiweka majini robo saa, nayo ikafika mia moja na nne!

"Dani, njoo uone! Bua limerefuka!" nilimwita nyanya.

"Wewe Lornah, watu wana njaa," akanijibu. Lakini alikuja, akaangalia rula mara mbili.

Nilirudia kwa mabua ishirini, nikaandika yote daftarini. Mwalimu Wekesa alifurahi akaniingiza katika maonyesho ya sayansi kule Kombewa. Mshindi mmoja tu angekwenda kutuwakilisha mjini Kisumu, na kusema kweli, niliitaka nafasi hiyo kufa kupona.

Asubuhi ya maonyesho, Joram wa darasa letu alisoma chati niliyoandikia vipimo vyangu akaangua kicheko. "Aki Lornah! Bua moja litakuwaje na vipimo vitatu? Watasema hujui kutumia rula."

 Nikachukua kifutio, na kila mahali nikaandika mia moja.

Mwamuzi alikuwa Bi Nakhungu, mtaalamu wa mimea. Alinipa bua la milimita mia moja. "Limenye, uliweke majini. Nitarudi."

Aliporudi nilipima mbele ya watu wote. "Mia moja na nne," nikasoma kwa sauti ndogo.

"Mbona chati yako inasema mia moja?"

Ningeweza kusingizia rula. Masikio yalikuwa yanawaka kwa aibu. "Nilifuta, Bi Nakhungu. Namba za kweli ziko hapa daftarini. Niliogopa kuchekwa."

Alisoma daftari lote, kisha akawageukia watu. "Binti huyu ameona jinsi mmea unavyojijenga. Seli za ndani hufyonza maji na kusukuma ili zikue. Ngozi ya nje huzibana. Mvutano huo ndio unaolishikilia bua na kulipa umbo. Ukiondoa ngozi, za ndani zinapata nafasi, zinarefuka."

Alinikata alama tano kwa ile chati, na sikulalamika. Hata hivyo jina langu lilisomwa la kwanza! Shule yetu ililipuka kwa vigelegele, na Joram alipiga makofi huku akiona haya kwa kunicheka.

Mwalimu Wekesa akaniita kando. "Ulichopima kwa makini, Lornah, kiandike kama kilivyo, hata wakucheke. Leo umekosea, ukasema ukweli mwenyewe. Najivunia kukufundisha."

Kisha akanipa mkono, vile anavyowapa mkono walimu wenzake.