Kiganja cha Bibi na Kiti cha Getruda

Asubuhi ya Igombe, kijiji chetu cha wavuvi kando ya ziwa, huanza na nyundo. Ko, ko, ko! Huyo ni Luhaga, fundi wa mitumbwi. Mwaka ule wa 1995 kazi ilikuwa nyingi. Wanunuzi wa sangara walikuja na magari ya barafu, na kila mvuvi akataka mtumbwi mpya. Minofu ilipanda ndege kwenda ng'ambo. Vichwa na mifupa vilibaki kwetu. Hilo tuliweke pembeni kwanza, lakini tusilisahau.

Nyumbani kwa Luhaga walikuwa watu wanne: yeye, mke wake Evelina, mama yake Bibi Kashindye, na mtoto Getruda mwenye miaka minne.

Getruda alikuwa hatembei. Kukaa peke yake pia hakuweza. Shingo yake ilikuwa legevu, na miguu ilikakamaa kama makasia. Lakini macho yake yalifuata kila kitu. Nyundo ikinyamaza, alicheka. Alijua baba anakuja kula.

Majirani walisema ni laana. Wengine walisema Evelina alikanyaga dawa ya watu. Hakuna aliyesema habari ya glavu.

Habari ya glavu ni hii. Evelina alipopata uchungu, alikwenda kituo cha afya. Akaulizwa, "Umekuja na glavu? Wembe? Pamba? Nendeni mkanunue kwanza." Zamani mama alikwenda na tumbo lake tu, vingine alivikuta huko huko. Luhaga alizunguka madukani mpaka jioni. Mtoto alichelewa sana kutoka. Alipozaliwa hakulia upesi. Watu wamesahau siku hiyo. Evelina hajaisahau.

Kazi ya kumlisha Getruda ilikuwa ya Bibi Kashindye. Alikaa mkekani na kumlaza mtoto chali mapajani. Alikunja kiganja kwenye mdomo wa mtoto, akamimina uji humo, uji ukateremka kinywani. Mtoto akilia, mdomo ulifunguka zaidi na uji ukaingia zaidi. Hivyo ndivyo alivyolea watoto wake tisa.

Lakini Getruda alipaliwa kila siku. Alikohoa mpaka macho yakawa mekundu. Tangu Krismasi alikuwa ameugua nimonia mara tatu. Mara ya tatu daktari alimwambia Evelina waziwazi, "Mapafu haya yamechoka, mama. Ikija ya nne, sijui kama atapona."

Evelina alirudi na neno hilo kifuani. Kila ulipofika wakati wa uji, aliacha kazi yake na kusimama mlangoni akisikiliza kikohozi.

Ng'ambo ya ua wa minyaa alikaa Zakia. Alikuwa nesi kwa miaka kumi na minane. Serikali ilipopunguza wafanyakazi, naye alipewa barua. Sasa alikuwa anauza vitumbua. Barua ile ilichukua mshahara wake. Ujuzi haikuweza kuuchukua.

Siku moja Zakia alisikia kikohozi, akaweka chini sinia lake na kuingia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Zakia. Vitumbua vimekwisha, au umekuja kutuletea umbea?"

"Umbea ninao, lakini leo nimefuata hicho kikohozi. Evelina, mtoto anakohoa akilala?"

"Hapana, dada. Akilala ametulia."

"Anakohoa wakati gani?"

Evelina alifikiri. "Akila."

"Basi hayo si mafua. Kooni kuna njia mbili, ya chakula na ya pumzi. Kichwa kikiwa nyuma, njia ya pumzi inakuwa wazi. Uji unaingia huko, unakwenda mapafuni. Nimonia inaanzia hapo."

Bibi Kashindye aliinua kiganja chake juu kama mtu anayeapa. "Nimelea tisa kwa mkono huu! Mmoja wao huyu hapa anakuja. Mwangalie! Ana kasoro gani?"

Luhaga alikuwa anaingia uani, maranda ya mbao kichwani.

"Anakula kupita kiasi," alisema Evelina.

Zakia alicheka. "Vizuri. Bibi, hebu mlishe tena."

"Nani?"

"Huyu Luhaga."

"Mimi nimekosa nini?" aliuliza Luhaga. Lakini mama yake alikuwa ameshapiga paja lake. "Lala hapa tumwonyeshe huyu nesi. Fungua mdomo!"

Fundi mzima mwenye ndevu alilala chali mapajani mwa mama yake. Kiganja kikaja. Uji ukaja. Akameza mara moja, mara mbili. Mara ya tatu alipiga teke bakuli, akaruka juu, uji ukamtokea puani. Alikohoa mpaka akashika nguzo. Zakia alikaa chini kwa kicheko. Evelina alifuta machozi. Lakini aliyecheka kuliko wote alikuwa Getruda.

"Mayu we!" alisema Bibi. "Kumbe limekuwa zee na bado linapaliwa!"

Luhaga alijifuta pua. Yeye hakucheka.

"Mama, nilitaka kukwambia ungoje. Sikuweza. Mdomo ulikuwa umejaa."

Bibi alikitazama kiganja chake.

Zakia aliketi karibu naye. "Bibi, wale tisa walikuwa na shingo imara. Walipaliwa, wakajipigania wenyewe. Huyu hawezi kujipigania. Ubongo wake ulikosa hewa siku ya kuzaliwa. Hakuna laana hapo. Hakuna mganga wala sindano ya kuondoa hali hiyo, na anayekuuzia dawa yake anakuibia. Lakini kula bila kupaliwa, hilo tunaweza kumpa. Ale akiwa amekaa wima. Kidevu kielekee chini kidogo. Miguu iwe na pa kukanyagia. Uji uwe mzito, na kijiko kidogo kitokee mbele yake. Halafu umngoje ameze."

"Kiti niachie mimi," alisema Luhaga.

"Umpime kwanza."

"Nimpime? Dada Zakia, mtumbwi wa futi ishirini na tano naukata kwa jicho!"

Baada ya siku mbili kiti kikaja. Kilikuwa cha mbao safi, kimepigwa randa mpaka kinateleza. Evelina alikizunguka.

"Baba Getruda, hiki ni cha diwani."

"Atakikulia. Hata sare ya shule tunanunua kubwa."

Wakamweka Getruda. Evelina akampa kijiko cha kwanza. Mtoto akateleza, makalio yakaja mbele, kidevu kikaenda juu. Uji ukapita njia mbaya. Mara hii hakukohoa. Alinyamaza, na midomo yake ikaanza kubadilika rangi.

Evelina alimnyakua, akamwinamisha mbele na kumpiga mgongoni kwa nguvu, katikati ya mabega. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tano uji ulitoka, na Getruda akalia.

Hakuna aliyecheka. Evelina alimgeukia mumewe.

"Mtumbwi wako ukivuja, unauziba kwa pamba. Huyu nitamziba kwa kitu gani? Mpime!"

Luhaga alichukua kamba. Alipiga magoti mbele ya binti yake. Alipima kutoka makalio hadi nyuma ya goti, akafunga fundo. Goti hadi kisigino, fundo. Makalio hadi kwapa, fundo. Zakia alisimama pale pale asije akarudia kupima kwa jicho.

Kile kiti kikubwa kilikatwa. Kikapata kibao cha kukanyagia na meza ndogo ya mbele. Evelina alishona mito ya khanga kuukuu, akaijaza pamba, akaweka moja kila ubavu. Mkanda wa kitambaa ukapita kiunoni, makalio yasiteleze tena.

Wakamweka. Getruda alikaa. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Kwa mara ya kwanza aliwaona watu wa nyumbani kwake bila kulala chali.

Kijiko Zakia alimpa Bibi Kashindye.

"Mimi? Na mambo yenu mapya?"

"Mkono ni ule ule, bibi. Tumebadilisha chombo tu."

Bibi alichota kidogo, akapeleka. Alitaka kuongeza.

"Ngoja ameze," alisema Zakia.

"Nasubiri gari moshi?"

"Ngoja, bibi."

Koo la Getruda lilipanda, likashuka. Kijiko kingine. Kingine tena. Uji wa kikombe kimoja ulichukua karibu nusu saa, na hakukohoa. Kisha Zakia akawaambia wamwache akae nusu saa nyingine, chakula kitulie tumboni.

"Na akipata homa, au akipumua haraka haraka," alisema, "msiningoje mimi. Hospitali siku hiyo hiyo. Kiti hakitibu nimonia."

Masika yalipita. Nimonia ya nne haikuja. Kila asubuhi Luhaga alibeba kiti hadi kwenye karakana yake ufukweni, na Getruda akawa msimamizi wa mitumbwi. Mashavu yakajaa. Walipokwenda kituo cha afya kupima uzito, alikuwa ameongeza kilo mbili. Evelina alifurahi, kisha akamwuliza mpimaji mbele ya akina mama wote, "Na glavu, siku hizi zipo?" Mpimaji aliangalia pembeni. Akina mama hawakuangalia pembeni.

Siku moja ya Juni, Bibi Kashindye alipiga kelele.

"Evelina! Njoo! Mtoto anakataa!"

Evelina alikuja mbio. Alishika paji la uso la Getruda. Lilikuwa baridi. Bibi alipeleka kijiko. Getruda alifunga midomo, akageuza uso, akatabasamu. Kijiko tena. Uso upande wa pili.

Zakia alichungulia juu ya minyaa. "Bibi, haumwi huyo. Anakwambia ameshiba."

Bibi aliweka kijiko chini taratibu.

"Miaka minne namlisha," alisema. "Sijawahi kumwuliza."

Mchana Luhaga alileta kopo la rangi nyekundu. Kila mtumbwi anaoujenga huupa jina. Alipiga magoti nyuma ya kiti, ulimi nje, akaandika herufi moja moja.

"Umeandika nini hapo?" aliuliza Bibi, ambaye hakusoma shule.

"NIMESHIBA."

Bibi aliinamisha kichwa, akazitazama herufi.

"Ni ndogo hizo," alisema. "Andika kubwa. Wanaojua kusoma wasije wakasema hawakuambiwa."