Simu Iliyorudi Nyumbani Peke Yake

"Mke wangu, toka nje. Najua umo ndani."

"Ndani ya wapi?"

"Kwa shoga yako msusi. Nimesimama hapa uani kwake."

Mwanamke akalibana shuka lililolowa kwa kiwiko lisianguke. Alikuwa chini kabisa ya hoteli kubwa, kwenye chumba cha dobi kisicho na dirisha, katika nchi ya watu, safari ya ndege mbili kutoka uani kwa msusi. Mbele yake roli la mashine ya pasi lilizunguka likitoa mvuke kama nyoka mwenye kisirani.

"Mume wangu, umelewa?"

"Bora ningelewa. Umerudi, ukaenda kujificha kwa watu. Nimekukosea nini?"

Nyuma ya mume ikadakia sauti ya dada yake, wifi mtu, ambaye kwenye ugomvi wa wengine hufika kabla ya wagombanao.

"Muulize, kaka! Muulize yuko na nani humo!"

"Wifi, na wewe umo?"

"Nisiwemo nina nini? Ndoa ya kaka yangu inaungua, mimi nikae nimekunja nne?"

Kisha akamsikia shoga yake akifoka. "Jamani, hayumo! Nina mteja kichwa nusu humu, mnanitia aibu!"

"Mume wangu, ni nani kakwambia nimerudi?"

"Simu yako." Akasoma polepole, kama anayesoma hukumu. "'Akaunti ya barua pepe imefunguliwa kwenye simu mpya.' Mji ulioandikwa ni huu huu wetu. Basi ni jini lililoifungua?"

Simu mpya mwanamke alikuwa nayo kweli; ya zamani ilikufa mfukoni mwa aproni, imepikwa na mvuke. Na kwenye akaunti ile, mumewe ndiye waliyemwandikisha apokee taarifa za ulinzi, maana mke alikuwa bingwa wa kusahau neno la siri.

Mwenzake wa upande wa pili wa mashine, dada wa makamo waliyemwita Mama Pasi, aliyekuwa akisikia yote kwenye spika, akainua kichwa.

"We, ile VPN uliiwekaje kwenye hiyo simu?"

"Nimeiwasha tu."

"Umeiwasha kwa simu nzima?"

"Kwani ina nusu?"

"Ina nusu, mwanangu! Ile ya zamani nilikuchagulia programu ya video peke yake ipite humo. Vingine vyote vilipita njia ya kawaida. Sasa umepitisha kila kitu. Barua pepe yako inasema uko kwenu! Umesafirisha mizigo yote, mwenyewe umebaki kituoni."

Kisa chote kilikuwa tamthilia. Runinga ya nyumbani iligoma kuonekana ugenini, na wao wawili walikuwa na desturi yao: kila akitoka kazini, hufungua sehemu moja kwa wakati mmoja, kila mtu kwake, simu sikioni. Wakimsengenya mama mkwe wa kwenye tamthilia, walikuwa mke na mume. VPN, programu inayoficha mtu alipo, ndiyo iliyoidanganya runinga kwamba mke yuko nyumbani. Safari hii imemdanganya na mume.

Akamweleza. Mume akasikiliza.

"Washa kamera," akasema.

Akawasha. Akaonyesha mashine, vikapu, milima ya mashuka.

"Mashuka hata hapa yapo," wifi akasema. "Hoteli zimejaa mjini!"

Mwanamke akaweka shuka chini. Akapanda ngazi, miguu imevimba ndani ya viatu vya mpira, akasukuma mlango wa kupokelea mizigo akatokea barabarani. Akaizungusha simu taratibu. Maduka yenye maandishi ambayo yeye mwenyewe bado aliyasoma kwa kubahatisha. Watu wa huko wakipita, kola zimesimama, hakuna anayemtazama.

"Umeona, wifi? Au nimewachora na hawa?"

Wifi akakohoa. "Mimi nilisema tuulize tu."

Alingoja mume acheke. Hakucheka. Kwenye kioo alimwona akishuka chini, akakaa kwenye ndoo ya msusi iliyopinduliwa, shati lake la kuchomelea mageti limejaa vitundu vya cheche.

"Kumbe uko mbali kweli," akasema.

"Hufurahi? Mkeo si mwongo."

"Nilipokuja hapa nilikuwa nimeshakusamehe. Njiani nilikuwa napanga nitakupikia nini." Akajifuta uso kwa mkono. "Nilitamani uwe mwongo, mke wangu. Mwongo wa hapa hapa."

Mwanamke akakata simu. Si kwa hasira; akashuka tena chumba cha dobi akilia.

Kuna neno alilokuwa hajamwambia. Msimamizi alitaka jibu leo: mkataba unaisha, anaongeza miaka miwili au la? Asubuhi ile aliamka na 'ndiyo' mdomoni. Aliipanga kama watu wanavyopanga chakula cha mgonjwa, bila hamu: ataongeza, atamwambia mume baadaye, tamthilia itawashikilia.

Mama Pasi akaichukua simu, akabonyeza hapa na pale. "Haya. Sasa inapita video tu. Vingine vyote vitasema ukweli, uko huku."

"Ahsante, dada."

"Mbona unalia? Si imekwisha?"

"Ndiyo kwanza naiona, Mama Pasi. Video tu ndiyo inayofika nyumbani. Mimi mwenyewe sifiki."

Akamfuata msimamizi kwenye kibanda chake cha vioo.

"Siongezi mkataba."

"Umepata kazi pengine?"

"Hapana."

"Una mgonjwa nyumbani?"

"Nina mume."

Msimamizi akamtazama kama anayengoja sababu nyingine.

Akiwa bado na aproni, akamwandikia mumewe: "Mkataba ukiisha narudi. Wameniomba miaka miwili zaidi, nimekataa."

Simu ikaita hapo hapo.

"Usije kwa sababu ya maneno yangu," mume akasema. "Kazi ya kule ni nzuri. Huku unajua hali. Nilisema kwa hasira."

"Hukuwa na hasira. Ungekuwa nayo nisingekuamini."

Akasikia geti likigongwa karakanani kwake, na mume akimwambia mteja angoje.

"Utajuta," akasema mume.

"Labda."

"Na mimi ninachoka, unajua. Nikirudi jioni sina hata neno. Hutanikuta yule wa kwenye simu."

"Hata mimi siye. Nalala nimekaa, mdomo wazi. Miguu yangu inanuka mpira."

Mume akacheka, mara ya kwanza siku ile, kicheko kifupi kilichokwaruza.

"Basi njoo," akasema. "Njoo tuchokee nyumba moja."