Mikono ya Wilmer Rauch

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya mahindi Lester Kistler alipokata kona kuingia kwa Bibi Beulah Zerbe. Alikuwa amefuata kitasa. Kitasa kimoja tu, cha mlango wa kushoto wa Ford yake ya mwaka 1932, ambayo alikuwa akiijenga upya kwa miaka kumi na minne sasa.

Miaka kumi na minne! Wenzake walishachoka hata kumtania.

Kila Alhamisi ya kiangazi, wenye magari ya zamani wa upande ule wa Pennsylvania walikutana kwenye uwanja wa duka la aiskrimu kando ya barabara kuu. Waliinua maboneti, wakakunjua viti vyao, wakazungumza habari za injini mpaka duka lifungwe. Wenzake walikuja na magari. Lester alikuja na picha ya gari lake mfukoni.

Alhamisi iliyopita Wilmer Rauch alikuja na pikapu ya mwaka 1949, kijani kibichi kama chupa. Aliikuta kichakani mwezi wa kumi na moja, vipandevipande. Kwa msimu mmoja wa baridi aliinyoosha yote kwa nyundo, bila kupaka mahali popote ile lipu ya kuzibia mashimo, mpaka bati likatulia kama maji ya kisima. Watu waliyaacha magari yao wakamzunguka. Hata Arlene, mkewe Lester, ambaye siku zote alibaki kwenye kiti chake akisoma, aliinuka. Wilmer alimfungulia mlango, Arlene akakaa nyuma ya usukani, akacheka.

Kicheko kile Lester hakuwa amekisikia nyumbani kwake kwa miaka mingi.

"Les, na lako tutaliona lini?" aliuliza Harold Moyer, mtu asiyejua kunyamaza. "Au litatoka siku ya mazishi yako, likubebe?"

Watu wakaangua kicheko. Wilmer peke yake hakucheka.

"Mwacheni bwana," alisema. "Anajenga gari, hakaangi mayai."

Huko kutetewa ndiko kulikomuuma Lester zaidi. Aliondoka nako pale, akalala nako, akaamka nako.

Jioni hii Bibi Beulah alikuwa barazani akikatakata maharage mabichi. Alimwelekeza kwa kisu. Vitasa vimo kwenye sanduku la mbao, mwisho kabisa wa ghala, akamwambia, na afanye upesi kwa kuwa mle hamna umeme.

Ghala lilijaa magari ya marehemu mumewe, yamepangwa safu mbili, macho ya taa yametoboka. Lester alipita katikati. Harufu ya vumbi, ya oili iliyoganda, ya panya. Kisha harufu nyingine… ya maziwa yaliyochacha.

Tok.

Akasimama.

Tok. Tok.

Nyundo ndogo juu ya bati. Mtu anayeijua kazi. Lester alidhani bibi ameajiri fundi. Akazunguka lori la mwisho, akamwona mwanamume mwenye kofia nyeusi na aproni ya ngozi, amempa mgongo, ananyoosha madigadi, lile bati la juu ya gurudumu. Hakuwa na taa. Giza la mle ndani lilikuwa limeshakuwa zito, sasa anaonaje?

"Umekuja kwa ajili ya Rauch," mtu yule alinong'ona bila kugeuka.

Alisema kwa Kijerumani kile cha wazee wa huko, ambacho Lester hakuwa amekisikia tangu azikwe bibi yake mzaa mama. Alikielewa kila neno. Akajibu kwamba amefuata kitasa.

"Kitasa kimo sandukuni. Mimi nakuuliza la moyoni. Unataka lako liwe zuri… au lake liharibike?"

 Baadaye Lester aliapa kwamba hakufungua mdomo. Lakini jibu lilimpanda kooni kama matapishi, na mtu yule akaitikia kwa kichwa, kama aliyekwisha kulisikia.

"Basi msifie. Weka kiganja juu ya bati, umsifie mara tatu. Hujawahi kumsifia, sivyo?"

Ilikuwa kweli. Urafiki wa miaka arobaini, na hakuwahi.

Lester aliinama haraka, akapapasa sandukuni, akakipata kitasa. Alipoinuka hapakuwa na mtu. Madigadi ilikuwepo, imefunikwa na vumbi zito kama blanketi. Vumbi lenyewe halikuwa limeguswa.

Hakumwambia mtu. Wiki nzima alijiambia kwamba amekutana na kichaa. Lakini Alhamisi ilipofika, alikuwa wa kwanza kuingia uwanjani.

Pikapu ilipoegeshwa aliiendea, akaweka kiganja juu ya madigadi ya mbele.

"Rangi hii, Wilmer… sijaona rangi kama hii."

Jioni ilikuwa na mawingu na upepo, lakini bati lilikuwa la moto.

"Na ulivyoinyoosha. Hapa hakuna fundi anayekufikia."

Wilmer alivua kofia. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Miaka arobaini, Les," alisema kwa sauti ya chini. "Nilidhani huoni."

Hapo Lester alitaka kuuondoa mkono. Kwa kweli alitaka. Lakini Wilmer, kwa furaha yake, alimwita Arlene aje asikie mumewe anasema nini. Arlene akaja, akasimama karibu na Wilmer, bega kwa bega, uso umechangamka. Wilmer akamwomba Lester arudie.

Lester aliyatazama mabega yale mawili.

"Mikono yako," alisema. "Laiti ningekuwa na mikono yako."

Chini ya kiganja chake bati likapoa ghafla, kama kitu kilichokata roho.

Jumamosi Wilmer alipiga simu. Palikuwa na kutu kwenye madigadi, alisema, doa lenye umbo la kiganja na vidole vitano. Amelikwangua likaisha, asubuhi amelikuta tena. Alicheka kidogo alipokuwa anaeleza. Wiki iliyofuata hakutaja tena habari za pikapu. Mkono wake wa kulia ulikuwa haufumbiki. Madaktari wa mjini Reading walipima mifupa na mishipa, wasione kitu. Ngozi iligeuka rangi ya kahawia, ikawa ngumu, na kila alipojifuta kwenye suruali aliacha vumbi jekundu.

Lester alirudi kwa Bibi Beulah mchana kweupe. Alimwomba amwite fundi wake. Bibi akasema hana fundi, na tangu mumewe afe hakuna aliyepiga nyundo mle ghalani. Lester akamweleza kofia, aproni, na ile harufu. Bibi akaweka chini kisu chake cha maharage.

 Mumewe alikuwa akitibu watu kwa maneno, alieleza. Kuungua moto, damu isiyokatika, mtoto asiyelala. Lakini alijifunza pamoja na mwenzake, fundi wa mabati, na mwenzake huyo akachagua upande wa pili, wa kudhuru. Waligombana wasipatane tena. Yule mtu alikufa kabla Beulah hajaolewa. Yeye hajamwona hata siku moja, kofia na ile harufu alisimuliwa na mumewe, ila nyundo huisikia… mara mojamoja, anapokuja mtu aliyebeba kitu kifuani.

Lester aliuliza jambo hili linatenguliwaje.

"Ulimwambia unataka nini?"

"Sikusema kitu."



"Basi rudi nyumbani," Bibi alisema, "uache kukitaka."

Alijaribu. Alikwenda moja kwa moja gerejini kwake, akakaa mbele ya ile Ford, akajiambia kwamba haitaki tena. Hataki kusifiwa. Hataki kuwa Wilmer. Akachukua nyundo ili aiweke kabatini. Badala yake aliugonga mlango, mara moja tu.

Mlio ulikuwa sawasawa.

Akagonga tena. Mikono ilijua. Ilijua pa kupiga na pa kuacha, ikapapasa bonde asiloliona kwa macho, ikalibembeleza likapanda. Arlene alipokuja kumwita mezani, mlango mzima ulikuwa umenyooka, na Lester alikuwa analia bila kujua kama ni kwa furaha.

Kila jioni alijiambia kwamba kesho ataacha kutaka.

Kesho.

Baada ya wiki tatu gari likawa tayari.

Alhamisi ya mwisho ya msimu aliliendesha mwenyewe hadi uwanjani, jeusi, linang'aa hata mawingu yalionekana ndani yake. Watu waliyaacha magari yao. Harold Moyer alilizunguka mara mbili, na safari hii hakuwa na la kusema.

Wilmer aliletwa na binti yake. Alikuwa amevaa glovu, mikono yote miwili sasa. Alisogea polepole, akainama mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye bati, akaufuata mlango kwa macho toka juu hadi chini.

"Hii ni kazi yangu, Les," alisema.

Hakulaumu. Alisema kama mtu anayesoma barua akakuta mwandiko wake mwenyewe. Lester akasema amejifunza kwake, na Wilmer akaitikia kwa kichwa. Baridi ilikuwa imeanza. Wilmer alihangaika na vifungo vya koti, vidole vikamkatalia. Arlene akamsogelea, akamfungia kimoja kimoja. Kile cha tatu alikizungusha kidogo kwanza kabla ya kukipitisha. Hakuambiwa. Alijua kuwa kinakwama.

Lester aliliona hilo. Watu walikuwa bado wanasifu gari lake, sauti nyingi kwa pamoja, lakini hakuwa anazisikia.

Nyumbani walikula chakula cha jioni. Arlene akasimama kwenye sinki kuosha vyombo. Lester alimtazama mgongo. Akawaza kumwuliza. Akawaza kumwambia yote, ghala, kiganja, na yale maneno ya tatu. Akainuka, akaenda nyuma yake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akaweka mkono begani kwake, taratibu.

Bega lililegea. Arlene akafumba macho, akaegemeza shavu juu ya vile vidole, kama mtu aliyefika mahali anapopajua.

"Wilmer," alisema.



Maji ya bomba yaliendelea kumwagika. Arlene hakugeuka.  Lester hakujua kama mkewe ameujua mkono ule leo, au ameujua siku nyingi.

Alitaka kuuondoa. Aliuambia uondoke.

Mkono ukabaki pale pale, ukimpapasa mkewe polepole, ukijua pa kupita.